Muulize Mjomba: Nimetoka jela, masela wa zamani hawaachi kunitafuta

Toleo lililopita nilimjibu kijana mmoja kuhusu kuacha bangi, na humo ndani nikagusia kwa mstari mmoja tu kwamba mimi mwenyewe nimewahi kufungwa. Sikutegemea kama mstari ule ndio ungeshikwa kuliko yote, maana meseji zilizokuja baada ya hapo karibu zote hazikuulizia bangi, zimeuliza jela. Kwa hiyo safari hii maswali ya ndoa na viwanja yatasubiri, najibu haya tu. Majina na mitaa nimeyatoa kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo mjomba. Nina miaka 24, huu ni mwezi wa tatu tangu nitoke gerezani. Nilifungwa miaka 6 kwa kuvunja duka nikatumikia 4. Nikiwa ndani nilijifunza kuchomelea, nikaacha bangi, nikaanza kuswali, yaani nilijiona kabisa nimekuwa mtu mwingine. Sasa nimerudi kwa bibi, mtaa ule ule. Wale niliokuwa nao kundini wawili wameshakufa, mmoja alichomwa na wananchi, waliobaki wanakuja kila siku jioni. Juzi mmoja kaniletea elfu 50 na viatu, anasema mimi ndio niliwakingia kifua sikuwataja polisi kwa hiyo wana deni na mimi. Kazi nimeomba gereji tatu, wakisikia nimetoka jela wanasema watanipigia. Bibi ana presha na dawa zinakata. Mjomba usiku silali, naogopa nafsi yangu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Nimeisoma meseji yako usiku nikairudia asubuhi, na nianze na hela maana hiyo haisubiri. Ile elfu 50 kama bado unayo irudishe, ila usiende peke yako wala usiende usiku, nenda mchana na mtu mzima mmoja wa kwenu au mzee wa msikitini, mwambie aliyekupa kwamba umeshukuru lakini huwezi kuipokea. Kama imeshaenda kwenye dawa za bibi basi imeshaenda, usije ukatafuta elfu 50 nyingine kwa njia ya mkato ili uirudishe, mwambie tu hiyo ilikuwa ya mwisho. Kundini hakuna hela ya bure. Mimi mwenyewe niliwahi kuwapelekea "zawadi" za namna hiyo watu waliotoka ndani na nilikuwa najua kabisa nanunua nini.

Halafu hilo la kwamba wana deni na wewe. Umekaa miaka 4, walikuja kukuona mara ngapi? Walimpelekea bibi kilo ya sukari mara ngapi? Mimi nilikaa miaka 6 na miezi 8 na nilikuwa nahesabu, mama alikuja mara 11, kwa basi, na sabuni na sukari kwenye mfuko wa rambo, safari nzima ya siku mbili kwenda na kurudi kwa mazungumzo ya dakika chache tu huku afande amesimama pembeni. Kundi lilikuja mara sifuri. Na mimi pia sikuwataja, nilijiona mwanaume kwa hilo, kumbe huku nje walikuwa wameshagawana vitu vyangu hadi godoro.

Ngoja nikupe stori yangu kidogo ili usidhani naongea ya kusikia. Niliingia kundini nina miaka 15, Temeke, tulikuwa kama ishirini hivi, maskani yetu ilikuwa nyuma ya kibanda cha kuonyesha video. Siku hizi mnasikia Panya Road, kabla yao kulikuwa na Mbwa Mwitu, na kabla ya hao tulikuwepo sisi ambao hata magazeti hayakutupa jina. Kila mtu alikuwa na jina la kijiweni, langu sitaliandika hapa, ila lilikuwa jina la kutisha na nililipenda kuliko nililopewa na baba, maana nikitajwa kwa jina lile watu wanapisha njia. Mwaka 2001 nikahukumiwa miaka 10 kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba. Siku ya kuingia afande wa mapokezi ana daftari kubwa mbele yake, akaniuliza naitwa nani nikataja la kijiweni, hakunikaripia, akasema "majina matatu". Nikataja langu, la baba, la babu. Mwanangu nilikuwa sijayasema yale majina matatu pamoja tangu niandikishwe darasa la kwanza.

Nisikudanganye, sikubadilika siku ile. Mwaka wa kwanza wote na nusu ya wa pili nilikuwa yule yule, tena zaidi, maana ndani nilikuta watu wa makundi mengine ya Temeke tukatengeneza kona yetu kwenye selo, tunachukua sabuni za wageni, tunachukua sehemu nzuri ya kulala wakati wengine wamebanana ubavu kwa ubavu akigeuka mmoja inageuka safu nzima. Watu wanadhani jela inabadilisha mtu yenyewe kama dawa. Hapana, wengi niliowaona walitoka wakiwa wabaya kuliko walivyoingia, wamejua mbinu na wamejuana na wakubwa zaidi.

Mimi kilichonishika ni karakana. Kulikuwa na nyapara wa useremala, mzee mtu wa Tanga, siku ya kwanza wenzangu wakaniita kwa lile jina akawaambia hapa kwangu jina hilo haliingii, na tangu siku ile akawa ananiita kwa majina yote matatu, hata akiwa upande wa pili wa karakana anapaza sauti majina matatu kama mwalimu anaita mahudhurio. Nilichukia sana mwanzoni. Miezi sita ya kwanza nilipiga msasa tu. Kisha akanipa futi kamba, hapo ndipo nilipoumbuka, sikuwa najua kuisoma, kuhesabu nilikojua ni kuhesabu hela. Siku moja nikakata miguu minne ya kitanda, mmoja ukawa mfupi kwa sentimita mbili, nikasubiri kipigo. Maisha yangu yote mpaka siku ile nikikosea napigwa, na baba, na polisi, na wakubwa wa kundi. Yule mzee akauangalia ule mguu akaniambia "pima tena", akaenda zake. Nilisimama pale nimeshika futi sijui nifanye nini na hasira zangu zote.

Ndio hivyo tu. Kubadilika kwenyewe kulikuja taratibu sana baada ya hapo, nilianza kusubiri asubuhi ifike niende karakana, nikaanza kukosa muda wa ile kona yetu, wakaanza kuniita mnafiki, na mwaka wa tatu nilikuwa nalala upande mwingine wa selo.

Sasa nakwambia haya kwa sababu naona kitu kwenye meseji yako. Ndani ulikuwa na kazi ya mikono kila siku, ulikuwa na watu wanaokujua kama huyo mtu mwingine uliyekuwa, ulikuwa na ratiba ya swala. Umetoka, vyote vitatu vimekatika siku moja, umebaki na ile nia peke yake, na nia peke yake mwanangu haibebi mtu jioni ikifika masela wako mlangoni na dawa za bibi zimeisha. Wewe sio dhaifu, umeondolewa nguzo tu. Zirudishe hizo nguzo kabla hujaanza kuwaza mshahara.

Kwa hiyo fanya hivi. Gereji usiende kuomba ajira, nenda omba deiwaka, mwambie fundi nipe siku moja nichomelee geti moja usinilipe mpaka uone kazi, na la jela mwambie wewe mwenyewe mwanzoni kabisa kabla hajalisikia kwa mtu, maana anayeambiwa na wewe anakuwa na siri yako na anayesikia pembeni anakuwa na ushahidi dhidi yako. Mimi nilikataliwa sehemu tisa, ya kumi nikawekwa kupiga msasa tena kama mwanzo. Kama ulifanya jaribio la ufundi la VETA, ile mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ukiwa ndani ulizia cheti chako, ni haki yako. Nenda kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ujitambulishe kwamba umerudi na unafanya nini, siku likitokea tukio mtaani jina lako ndilo litatajwa la kwanza hata kama ulikuwa umelala, awepo mtu wa kusema huyu namjua. Ukipata wenzako wanne wenye nia, ulizieni halmashauri ile mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, humo asilimia 4 ni ya vijana na wanatoa kwa kikundi, mashine ya kuchomelea ni kitu kinachoombeka. Na namba ya simu badilisha leo.

La mwisho kwako ndio gumu, kama una shangazi au ndugu mtaa mwingine wa mbali hamia kwake japo kwa mwaka mmoja, bibi utamuona mchana. Najua utasema namwachaje bibi. Lakini wale jamaa wanakuja jioni, na siku wananchi wenye hasira kali watakapowazunguka hawatauliza nani alitoka jela kabadilika na nani hajabadilika, watamkuta kijana wa mtaa ule ule amesimama na watu wale wale. Wakikutishia usinyamaze, mwambie mwenyekiti na polisi kata. Kutoa taarifa kwamba unatishiwa hakukufanyi msaliti wa mtu yeyote.

Mjomba habari. Mume wangu amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, huu ni mwaka wa tano. Alikuwa kwenye kundi kabla hatujaoana mimi nilijua ni dereva. Sasa amebadilika kweli, anafundisha wenzake kusoma na kuandika, hata maafande wanamsifia. Kila tarehe 9 Desemba nakaa kwenye redio kusikiliza msamaha wa Rais. Kuna matumaini? Na watoto wawili wananiuliza baba yuko wapi nawaambia kasafiri.

Dada yangu pole, na nikupe ukweli hata kama utauma. Msamaha upo, Katiba ibara ya 45 inampa Rais mamlaka hayo, na miaka mingine unakuwa mkubwa, 2017 waliguswa wafungwa 8,157, 2019 wakawa 5,533, na sikukuu ya Muungano ya 2021 wakawa 5,001. Lakini ile 2017 kwa mfano waliotoka siku ile ile ni 1,828, wale 6,329 walipunguziwa tu muda. Na mara nyingi masharti yake yanawaacha nje wenye makosa ya silaha, sawa na parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, sheria yake ya mwaka 1994 nayo inawatenga watu wa kosa hilo. Kwa hiyo usikae redioni kila Desemba ukiumia moyo, nimewaona wake za watu wakizeeka kwa redio.

Badala yake uliza mambo mawili. Moja, rufaa yake imefika wapi. Kwa kesi zilizoamuliwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya rufaa inatolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, ule muda wa kusubiri nakala ya hukumu hauhesabiwi, na kama muda ulipita anaweza kuomba Mahakama Kuu imwongezee akiwa na sababu za msingi. Wengi ndani hawajui hili, wanakaa tu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo kwa ajili ya watu kama nyinyi msio na hela ya wakili, ulizia ustawi wa jamii wilayani wakuelekeze nani anafanya kazi hiyo kwenu. Mbili, tabia njema na bidii ya kazi inampunguzia mfungwa hadi theluthi ya kifungo chake, sasa huko kufundisha wenzake sio bure, kunaandikwa, mwambie asiache hata siku moja.

Watoto waambie. Sio yote, kulingana na umri wao, ila waambie baba alikosea yuko gerezani anatumikia adhabu na anafundisha watu kusoma. Watoto wa mtaani kwenu watawaambia siku yoyote, na wao watalisema kwa namna mbaya, halafu la kuumiza zaidi watajua mama pia alidanganya. Mkubwa akishajua kuandika aandike barua. Mzee mmoja selo yetu alikuwa na barua ya mtoto yenye mistari mitatu imekunjwa mpaka imechanika mikunjoni, alikuwa anaitoa kila Jumapili.

Mjomba naomba unisaidie haraka. Mwanangu ana miaka 16 kakamatwa wiki iliyopita na wenzake saba wakiwa na mapanga. Baba yake amesema asikanyage tena nyumbani na amenikataza kwenda kituoni. Nasikia kule polisi ameandikwa ana miaka 19. Atafungwa?

Mama, nenda leo. Chukua cheti cha kuzaliwa, kama hakipo chukua kadi ya kliniki, kama haipo chukua cheti cha ubatizo au barua ya shule aliyosoma, chochote chenye tarehe, upeleke kituoni na kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Hao watoto wengi wakikamatwa wanataja umri mkubwa wenyewe, wanaona aibu kuitwa watoto mbele ya wenzao, na ile namba 19 ndiyo inayompeleka kwa watu wazima. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, kesi yake inasikilizwa na Mahakama ya Watoto, hatakiwi kuchanganywa na wakubwa mahabusu, na mahakama haiwezi kumhukumu kifungo cha jela. Anaweza kuachiwa chini ya uangalizi, au akapelekwa shule ya maadilisho, iko Irambo kule Mbeya. Ni mbali ndiyo, lakini ni shule. Mimi nikiangalia nilipopita naona ningebahatika sana kama mtu angenipeleka huko nikiwa na miaka 16 kuliko kuniacha nifike 19 nikiwa nimeshakomaa.

Kuhusu baba yake. Mpe hii ukurasa asome, naongea na wewe mzee mwenzangu kwa heshima zote. Nakuelewa, aibu ya mtaa ni nzito, na hasira yako ni ya haki maana panga sio utundu wa mtoto, panga ni mkono wa mtu. Tarehe 2 Januari 2015 jiji zima la Dar lilifunga milango jioni watu wanakimbizana barabarani, kisa vijana waliotoka kumzika mwenzao aliyeuawa, na kati ya vijana wale walikuwemo wa umri wa mwanao. Lakini kaka yangu, ukifunga mlango wako huyo mtoto halali nje. Kuna mlango mwingine uko wazi saa zote, wanamsubiri, watampa na chakula. Baba yangu alinifungia nikiwa na miaka 15 na ile wiki niliyolala nyuma ya kibanda cha video ndiyo iliyonifanya mtu wa kundi moja kwa moja, kabla ya hapo nilikuwa napita tu. Mgombeze, mpe adhabu, uzeni hata hiyo simu yake mlipe alivyoharibu, ila nenda kituoni akuone uso.

Sikusalimii. Nimesoma ulichoandika toleo lililopita na nimeumia. Mimi mwaka juzi vijana kumi na kitu waliingia kwetu usiku, nilikatwa panga begani na mke wangu akapigwa mbele ya watoto. Mkono haunyanyuki mpaka leo. Mtoto wangu wa kike akisikia geti linagongwa anajikojolea na ana miaka 11. Halafu magazeti kila siku ni stori za wahalifu waliobadilika, wanapigiwa makofi, wanapewa mikopo. Sisi tuliokatwa nani anatuuliza? Na usiniambie nisamehe.

Sikwambii usamehe. Sina haki hiyo na naamini hakuna mtu mwenye haki hiyo isipokuwa wewe, mkeo na huyo mtoto, hata shehe au mchungaji akuombee tu asikulazimishe. Na salamu yako nisingeistahili, umefanya sawa.

Umenigusa pabaya na naona nikujibu kwa kitu ambacho sijawahi kukiandika popote. Kule ndani mwaka wa tatu, nilipohamia upande mwingine wa selo, niliyekuwa nalala naye ubavu kwa ubavu alikuwa mtu mpole, kafungwa kwa mambo ya hela za kazini. Usiku watu wanapiga stori za kwao. Akasimulia dada yake, alikuwa anauza chapati asubuhi Temeke, kuna usiku kundi liliingia kwao wakamkata mkono wa kulia, vidole vitatu havikushika tena, chapati hawezi kukanda wala kusukuma, biashara ikafa, mume akaondoka. Alikuwa anasimulia bila hasira, kama mtu anayeelezea njia. Akataja mtaa, akataja mwezi, na wakati anaendelea mimi nilikuwa nimeshajua ni nyumba ipi, geti la bluu, mbwa mdogo. Sikushika panga mimi usiku ule, nilikuwa nimesimama getini naangalia njia. Miaka yote hiyo nilikuwa najihesabu kwamba sijawahi kumkata mtu.

Nilikaa kimya miezi minne. Nalala pembeni yake, nakula naye. Nilipomwambia hakusema kitu, alichukua blanketi lake akaenda kulala karibu na ndoo ya haja, mahali ambapo hakuna mtu anayelala kwa hiari yake, na hakuniongelesha tena mpaka anatoka. Hakunisamehe. Mimi ndio nilijua vizuri siku hiyo nilichokuwa nimekifanya, sio mahakamani. Mahakamani niliambiwa nimevunja kifungu, pale niliambiwa chapati.

Kwa hiyo unaposema nyie mliokatwa nani anawauliza, uko sahihi na mimi naona ni aibu. Kesi ikiisha aliyekatwa anarudi nyumbani na bega lake, kwenye jalada alikuwa shahidi namba moja tu. Sheria inairuhusu mahakama kuamuru mkosaji alipe fidia lakini watu hawajui wala hawaombi, kama kesi ya waliowakata bado haijaisha mwambie mwendesha mashtaka kwamba mnataka fidia iombwe. Na huyo binti naomba usisubiri akue ndio ipite, haipiti hivyo, mpeleke hospitali ya mkoa muulize huduma za afya ya akili za watoto, ongea na mwalimu wake pia. Kujikojolea kwake ni woga ambao mwili umeukumbuka, msimkaripie wala kumtania. Lile geti lenu wekeni kengele, wagongaji wazoeshwe kupiga kengele na kutaja jina, yaani ule mlio wenyewe wa geti kugongwa uishe kwenye nyumba yenu.

Na mimi sitaki unipigie makofi. Nilipotoka 2008 nikafanya kosa jingine, niliona kwa kuwa nimebadilika basi nina la kupeleka. Nilitengeneza kibao cha kusukumia chapati cha mninga, nikakiwekea kishikizo upande wa kushoto na mdomo wa chini wa kushika ukingo wa meza ili mtu akiwa na mkono mmoja mzima kibao kisiteleze, nilikifanya kwa wiki mbili, nikaenda nacho mpaka lile geti. Sikutuma mtu kwanza kumuuliza kama anataka kuniona, na hilo ndilo kosa, maana kwa mara ya pili nilikuwa nimesimama kwenye geti lake bila kuitwa. Alinisikiliza amesimama kwa ndani, nusu ya uso inaonekana. Nikajitambulisha kwa majina yangu matatu. Akasema, "Kiache hapo nje uende." Nikakiweka chini karibu na ukuta nikaondoka, na sijapita tena mtaa ule.